Ng'ombe wa Kufutia Machozi

Wezi walimkata Nyamizi panga mkononi, wakaswaga ng'ombe wake wote. Serikali ilitoa ng'ombe wa kuwafuta machozi waathirika wa uhalifu kama yeye. Bwana Kapufi, msimamizi wa msaada huo, aliwahurumia mno: ng'ombe aliwafuga zizini kwake, na waathirika akawasaidia hata kuwanywea maziwa yao.

Aliposikia mkaguzi wa serikali anakuja, alimfuata Nyamizi mbio, kitambi mbele.

"Nakuletea ng'ombe. Mkaguzi akiuliza, sema ni wako. Akiondoka, namchukua. Ukibisha, jina lako nalifuta kwenye orodha ya msaada."

"Nibishe nina nini, Mheshimiwa? Ila niletee mwenye maziwa, na umlete mapema anizoee. Akinipiga teke mbele ya mkaguzi, tutaumbuka wote."

"Kumbe una akili!" Kapufi akacheka, akamleta aliyenona kuliko wote.

Mkaguzi alifika na bwana mifugo, Kapufi akiwaongoza, akamkuta Nyamizi anakamua.

"Huyu ni wako, mama?"

"Muulize Bwana Kapufi."

"Wake kabisa!" Kapufi alijibu, kifua mbele.

"Basi mvisheni hereni ya serikali yenye jina langu," Nyamizi akasema. "Wezi hawajaisha."

Bwana mifugo akaandika jina, akamtoboa ng'ombe sikio na kumvisha hereni palepale, Kapufi mwenyewe akishika pembe.

Mkaguzi alipoondoka tu, Kapufi akachomoa kamba amchukue ng'ombe. Nyamizi akampa kikombe cha maziwa.

"Kunywa, Mheshimiwa, ndiyo ya mwisho. Ukitaka kumswaga, mswage. Nitamfuata mkaguzi nimwambie nimeibiwa tena, ila safari hii mwizi namjua."