Mashua Iliyonyimwa Maji

Mbao hunywa kwanza, ndipo hubeba.

Jana mlimsikia mama yenu akimwambia hivyo mjomba wenu Dhadho, alipomkuta ameshika jembe wiki moja tu tangu apone na kuinuka kitandani. Nyinyi mkacheka. Leo mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi, na siku ile hakuna aliyecheka.

Huku chini, Mto Tana unapokaribia bahari, palikuwa na mfereji uliochimbwa kwa majembe enzi za mababu, ili mashua za mpunga zipite kwenda sokoni. Ulikuwa mfereji mwembamba, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Pande zote mbili palijaa matete, na palipokosa matete palikuwa na mamba, wamelala juani vinywa wazi.

Karibu na mfereji huo aliishi mkulima mmoja, Komora Buya. Komora hakuogopa nyoka wala kiboko. Aliogopa kitu kimoja tu: maji ndani ya chombo. Alipokuwa na miaka tisa alipanda mtumbwi wenye ufa pamoja na kaka yake, Hiribae. Maji yakaanza kuingia. Hiribae akapiga kasia huku akipiga kelele, "Fua maji! Fua!" Komora akafua, akiyamwaga nje kwa kifuu cha nazi mpaka vidole vikatoka damu, lakini maji yakamshinda. Mtumbwi ulipozama, Komora alishika matete. Hiribae hakupata cha kushika. Tangu siku hiyo Komora hakulitaja tena jina la kaka yake, hata mbele ya mkewe, Habona.

Mtu wa namna hiyo anataka mashua ya nini? Mafuriko yalikuwa yamekula barabara, na mpunga wake ulikuwa unaota ghalani. Wenye mashua walikuwa na mizigo yao. Komora akaona ni afadhali anunue chombo kikuukuu, akizibe kwa mkono wake mwenyewe, kila tundu, kila ufa, asimtegemee mtu.

Bi Hamaro, mjane wa fundi wa vyombo, alikuwa na mashua ya marehemu mumewe. Ilikuwa imekaa bandani miaka minane. Ubavuni iliandikwa MSICHOKE, lakini yenyewe ilikuwa imechoka sana. Mbao zilikuwa zimekauka na kuachana, ungeweza kupitisha kidole katikati ukamsalimia aliye upande wa pili. Walielewana bei bila kelele. Komora alipogeuka kwenda zake, Bi Hamaro akamshika mkono.

"Mwanangu, nisikilize. Hii imekauka kama mfupa. Toa mbao zilizooza, tia nyingine. Pamba itie kidogo kwenye nyufa, kwa mkono mwepesi. Halafu ijaze mawe, uizamishe penye maji ya kifuani, siku saba. Iache inywe. Mbao zitavimba na kushikana zenyewe. Marehemu alifanya hivyo kila chombo kilichokaa nchi kavu."

"Niizamishe?"

"Uizamishe."

"Kwa mkono wangu mwenyewe?"

"Unataka kwa wangu? Mimi nimezeeka."

Komora akacheka, lakini mgongo wake ulikuwa umelowa jasho.

Alifanya kazi miezi miwili na shemeji yake, Jilo, mdogo wake Habona, mtu wa mizaha asiyejua kunyamaza. Walichonga mbao mpya kwa tezo, wakang'oa misumari yenye kutu. Mataruma, zile mbavu za ndani zinazoshika mbao za ubavuni, waliyagonga wakayasikia mazima, wakayaacha. Kisha Komora akaanza kukalafati. Alisokota pamba, akaichovya katika sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka mpaka mbwa anahama, akaishindilia kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo. Ilipojaa, akaongeza. Ilipokataa kuingia, akaipiga kwa nguvu zaidi.

"Shemeji," Jilo akamwambia, "hii ni mashua au ni godoro?"

"Funga mdomo, lete pamba."

Waliposhusha mashua majini halikuingia hata tone. Hakuizamisha. Alimwita Habona, ambaye hakujua kuogelea, akamwambia aguse. Habona akapitisha kiganja sakafuni kote, kikatoka kikavu.

"Niapie," akasema Habona.

"Nakuapia. Halitaingia tone."

Siku ya pili, mchana, Komora alikuwa ameketi peke yake ndani ya mashua akifunga kamba. Akasikia: tak. Kama mtu anayevunja kijiti gotini. Akaruka, akapapasa kila mahali. Pakavu. Akakaa tena. Tak. Safari hii sauti ilitoka chini ya miguu yake. Akaleta misumari, akapigilia pale alipodhani sauti imetokea. Jioni ikalia mahali pengine.

Siku ya tatu Bi Hamaro alikuja kuangalia. Akaweka mkono juu ya taruma, akautuliza hapo kama anayepima homa ya mtoto.

"Hukuizamisha."

"Haivuji, mama. Niizamishe ya nini?"

"Inalia."

"Mbao zinajipanga tu."

"Zijipange wapi? Kila nafasi umeijaza pamba. Zikivimba ziende wapi, Komora?"

Komora akainamia kamba zake. Alijua mama huyu anasema kweli. Lakini kila alipojaribu kuiona mashua ile imejaa maji, alimwona Hiribae ndani yake. Akaamua kutoitazama picha hiyo.

Siku ya nne wakapakia. Magunia kumi na manane ya mpunga, mbuzi mmoja wa Habona wa kuuzwa, na watu watatu. Komora alishika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, nyuma, Jilo wake mbele, Habona akaketi juu ya magunia akimshika mbuzi kamba.

Mashua ilianza kulia kabla hawajakata kona ya kwanza. Tak. Tak. Mbuzi akasimamisha masikio. Jilo alikuwa akiimba, akaacha.

"Baba Maro," Habona akasema taratibu, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "hiyo ni nini?"

"Mbao zinajipanga."

Matete yalikuwa marefu pande zote mbili, na upepo haukuwapo. Ukingoni mamba watatu walikuwa wamelala. Mashua ilipowapita, mmoja akafunga mdomo, akateleza majini. Hakurusha hata tone.

Hapo ndipo taruma la kwanza lilipokatika. Mlio wake ulikuwa kama wa bunduki. La pili likafuata, na la tatu. Mbao zilizokuwa zimevimba siku nne bila nafasi zikasukumana, ubao mmoja wa ubavuni ukang'oka na misumari yake, na maji yakaingia kwa upana wa mlango.

"Fua maji!" Jilo akapiga kelele. "Shemeji, fua!"

Komora hakusikia sauti ya Jilo. Alisikia sauti nyingine, ya miaka thelathini nyuma. Akavua shati, akapiga magoti, akalishindilia kwenye lile tundu kwa mikono miwili. Maji yakalitema. Akalirudisha, yakalitema tena.

Mbuzi akajirusha majini, kamba ikamponyoka Habona. Mnyama akaogelea vizuri kuelekea matete, kichwa juu. Katikati ya njia akazama. Hakulia. Maji yakajifunga juu yake, basi.

"Acha hilo shati!" Habona akasema. Alikuwa amemshika mumewe shingoni kwa nyuma. "Panda juu ya magunia! Panda!"

Mashua ikakaa chini kwenye tope. Wakasimama watatu juu ya magunia wakishikana, maji yakiwafika kiunoni. Pale mbuzi alipozamia yakatokea macho mawili. Kisha mengine. Jilo alinyanyua upondo akaushika kama mkuki. Komora akamsogeza mkewe nyuma ya mgongo wake.

Mara matete yakacheza nyuma yao. Kila mmoja akajua sasa ni zamu yake. Lakini ilikuwa pua ya mtumbwi, na ndani yake Bi Hamaro, kanga kiunoni, akisukuma upondo kwa nguvu ambazo mtu hakuzidhania. Tangu aiguse ile mashua hakupata usingizi, na alipowaona wamepakia alifuata nyuma.

"Nabeba wawili," akasema. "Wa tatu atangoja."

"Wachukue hawa," Komora akajibu.

Akabaki peke yake ndani ya chombo alichokiziba mwenyewe, maji yakimgusa mbavu. Upondo wa Jilo ulikuwa mkononi mwake na yale macho yakisogea, yakisimama, yakisogea. Ulikuwa muda wa kupika uji tu. Waliomwona aliporudi walisema nywele zake ziliota mvi wiki ile ile.

Alipopanda mtumbwini, Bi Hamaro hakumtukana. Alisukuma upondo mara mbili tatu, kisha akasema bila kugeuka, "Mbao hunywa kwanza, Komora, ndipo hubeba."

Mpunga wote ulipotea. Mashua waliinyanyua maji yalipopungua, wakaivutia mbele ya nyumba, wakatia mataruma mapya. Pamba ikatiwa kwa mkono mwepesi. Kisha wakaishusha tena majini, na Komora akabeba mawe, moja moja, akayaweka ndani kwa mkono wake, na maji yakaanza kuingia mbele ya macho yake. Habona akamshika mgongo. Mashua ikazama. Komora akakaa ukingoni akiitazama, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hali vizuri, hasemi.

Siku ya saba, jua likiwa utosini, akafungua mdomo.

"Nilikuwa na kaka," akamwambia mkewe. "Aliitwa Hiribae."

Akasimulia yote, tangu kifuu cha nazi mpaka matete. Alilia kilio cha mtoto wa miaka tisa, na Habona hakumnyamazisha.

Siku ya nane wakatoa mawe, wakafua maji. Mashua ikanyanyuka taratibu. Tone moja lilichungulia karibu na mkuku, ule uti wa chini ya chombo, likasimama hapo hapo. Wakangoja hadi alasiri wasikie lolote kutoka kwa mbao, lakini zilikuwa kimya. Habona akapandisha kanga, akaingia wa kwanza. Safari hii hakumwambia mtu amwapie.

MSICHOKE ilibeba mpunga kwenye mfereji ule miaka kumi na tisa.

Haya, mmesikia. Sasa inukeni mkamnyang'anye mjomba wenu lile jembe, naona amelichukua tena. Akiwaka, msibishane naye. Mwambieni tu: mbao hunywa kwanza, ndipo hubeba.