Mkeka wa Mfiwa

Mwanamke mmoja, Nyamizi, alikuwa na jirani aliyekuja kutoka ng'ambo ya ziwa akikimbia vita. Jina lake Mapendo. Alifika na kikapu kimoja, na ndani yake vitabu vilikuwa vingi kuliko nguo. Nyamizi ndiye aliyempa moto wa kwanza na chumvi ya kwanza. Mapendo naye akamfundisha kusoma, wakiwa wamekaa jikoni, maharage yakichemka.

Lakini Mapendo hakujua kuwa na kitu peke yake. Kitabu alichomaliza kukisoma kilihamia nyumba nyingine, na unga wake vilevile. Fundi cherehani alisomewa, muuza mkaa alisomewa. Kila mlango wa Mapendo ulipofunguliwa kwa mwingine, Nyamizi aliona kama mtu ametia mkono katika chungu chake. Hakugombana na mtu. Aliuliza tu, kwa kicheko, kama na wao walimpa Mapendo moto siku aliyofika.

Mapendo akafa. Mila ya mji ule ni kwamba mgeni asiye na ndugu hakosi mfiwa: jirani mmoja hukalia mkeka badala ya ukoo wake, na waombolezaji humpa mkono. Nyamizi alitandika mkeka kabla mwili haujaoshwa, akakaa katikati.

Watu wakaja. Muuza mkaa, bibi mmoja aitwaye Sikujua, hakutoa mkono. Alivua kandambili, akataka kukaa kando yake. Nyuma yake alikuwa fundi cherehani, na wengine nyuma ya fundi. Nyamizi akatandaza khanga yake juu ya nafasi iliyobaki.

"Mkeka huu ni wa mfiwa," akasema. "Ninyi mmefiwa na nani?"

"Na huyo huyo, mwanangu," Sikujua akajibu. "Sogea kidogo."

Hakusogea. Msimhukumu upesi; aliyepata kitu kimoja kizuri maishani huogopa kukigawa.

Wale wakakaa chini, mchangani, wakapeana pole wao kwa wao. Wakaanza kusimulia jinsi Mapendo alivyokuwa akicheka peke yake juu ya kitabu, jinsi alivyoimba vibaya bila aibu, na habari za mume ambaye Mapendo alimzika kwao kabla ya kuvuka ziwa. Nyamizi hakuwahi kusikia habari za mume. Akainama apate kusikia zaidi, lakini sauti zilikuwa mbali, na karibu yake hapakuwa na wa kumuuliza. Kila aliyeingia uani aliwakuta wafiwa wengi pale chini, akaketi nao.

Hata jua likashuka, na mkeka wote ulikuwa wake.

Basi niambieni, ninyi mliopendwa na mtu aliyewapenda wengi: katika watu wale, ni nani aliyempoteza Mapendo?