X Kubwa ya Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, si kale ile ya mawe, ni kale hii ya juzijuzi ambayo wanyama walishaanza kuvaa miwani ya jua, palikuwa na mtaa kando ya ziwa ulioitwa Mwalo wa Zamani. Sogeeni. Na wewe unayekula karanga tafuna polepole, maana hadithi hii ina kelele zake.

Mwalo wa Zamani ulikuwa mtaa wa kunuka. Nasema kweli! Ulinuka dagaa, ukanuka moshi, ukanuka tope. Maghala yake yalikuwa yamepasuka, na wakubwa wa mjini walipopita waliziba pua. Huko ndiko alikoishi Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto sita, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na mama yake. Mlangoni aliweka jiko, juu ya jiko karai, na ndani ya karai, chwaaa! Sato wa kukaanga.

Basi siku moja wakubwa wakagundua kwamba ziwa linapendeza. Lilikuwepo miaka yote hiyo, lakini wao ndiyo kwanza wameliona! Wakaja kwa Bi Nguchiro, wakala sato, wakalamba vidole. "Lo, mtaa huu una uhai!" wakasema. Ghala moja likapakwa rangi, likawa mkahawa. Viti vya kupumzikia vikawekwa ukingoni. Kisha Bwana Kiboko akajenga jumba la ghorofa tatu, na rafiki yake Bwana Nyati akajenga la kwake ubavuni.

Huyu Kiboko, babu zake wote walizaliwa humohumo majini. Yeye alikulia kule mlimani kwenye mageti na maua, na sasa ziwa aliliangalia kupitia kioo.

Haukupita mwezi, akatoka barazani na leso puani.

"Wewe mama! Huo moshi vipi?"

"Ni wa samaki, mheshimiwa. Walewale uliokula mpaka ukaomba mifupa."

"Siku zile nilikuwa mgeni. Sasa mimi ni mkazi. Mtaa lazima upendeze!"

Akaenda kulalamika Baraza la Mji. Katibu, Bwana Korongo, akamletea Mpango wa Kupendezesha Mwalo, kurasa arobaini. Kiboko hakusoma hata mmoja, alikuwa anawahi chakula cha mchana. Akachovya mguu katika wino, pa! Akaweka unyayo wake kama saini, akaenda zake.

Wiki ileile akaja Kifaru, mbomoaji wa Baraza, na kopo la rangi nyekundu. Macho ya Kifaru ni mabovu, hata mkewe hamtambui mpaka akohoe. Kwa hiyo kazi yake aliifanya kwa namna moja tu: leo anapaka X ukutani, Jumatatu anarudi na kuangusha kila chenye X. Haulizi jina, haulizi hati. Akapaka nyumba kumi na moja, zote za wadogo. Ya Bi Nguchiro ilikuwa ya kwanza.

"Baba Kifaru," Bi Nguchiro akamsihi, "nina watoto sita. Niende wapi?"

"Mimi sipangi, mama. Mimi na X tu."

Majirani wakaanza kufunga mizigo. Kobe akaifunga redio yake kwa kamba. Bata akalia njia nzima. Bi Nguchiro alikaa kizingitini, mkono shavuni, akashindwa hata kuwasha jiko. Mama yake alifia katika nyumba ile, na watoto wake wote walizaliwa humo.

Hapo akapita Kiboko akitoka matembezini. Akasimama, akautazama ukuta.

"Mapambo gani haya? Mbona kwangu hayapo?"

Jamani! Bi Nguchiro alidhani anataniwa. Lakini wapi, Kiboko aliuliza kwa dhati. Kule mlimani alikotoka, haijawahi kupakwa X nyumba hata moja! Alijua majina ya maua ya kila nchi, ila X hakuijua.

Bi Nguchiro akashusha mkono shavuni. Akashika ncha ya kanga yake, akaipangusa ile X vumbi, taratibu, kwa adabu.

"Aa, haya ni mambo yetu sisi wadogo, mheshimiwa. Usijisumbue."

"Nisijisumbue? Mimi? Niambie!"

"Imetoka Baraza. Wamechagua nyumba kumi na moja tu, mtaa mzima."

"Na mimi mwenye ghorofa tatu wakaniruka?"

"Labda hukuonekana."

Mnyama wa kilo elfu mbili kuambiwa hakuonekana! Kiboko akavimba mashavu.

"Na mwenye alama anapata nini?"

"Jumatatu Baraza linamtuma mtu wake mwenyewe, mpaka mlangoni. Akishaondoka, upepo wa ziwa unaingia kila upande, wala hakuna ukuta wa kukuzuia kuyaona maji."

"Kila upande! Mke wangu kila siku analilia upepo!"

"Na tangu siku hiyo, mheshimiwa, mtu haishi tena kama alivyokuwa akiishi."

Mnaona? Hakuongopa hata neno moja. Ulikuwa ukweli mtupu, mkavu kama dagaa.

"Nyati!" Kiboko akanguruma. "Njoo uone tulivyodharauliwa!"

Nyati akaja mbio, kwata, kwata, kwata! Alipoelezwa, akakita pembe chini. "Mpaka Bata anayo? Bata huyuhuyu?"

"Basi na sisi tupake," akasema Kiboko.

"Pakeni tu," akasema Bi Nguchiro kwa unyonge. "Tutakuwa kumi na tatu. Si neno, tutabanana."

"Nibanane na nani? Na Bata? Heshima ya kugawana na Bata ni heshima gani? Zifutwe zote!"

"Yangu usiifute, mheshimiwa! Nakuomba! Waonee huruma wanangu!"

Bi Nguchiro akajitupa chini, akagaagaa, akalia wiii! wiii! mpaka vumbi likapanda. Na machozi mengine yalikuwa ya kweli kabisa, maana aliifikiria Jumatatu. Kadiri alivyolia, ndivyo Kiboko alivyozidi kuitaka. Akawaita vibarua wake, ngedere. Kwaru, kwaru, kwaru! Wakazikwangua X zote kumi na moja, wakazipaka nyumba chokaa nyeupe isibaki hata dalili. Kisha wakachora X kwenye jumba la Kiboko, toka paa hadi msingi. Nyati akachorewa mbili, mbele na nyuma, asije akapitwa.

Jumatatu asubuhi ardhi ikatetemeka. Du! Du! Du! Kifaru huyo!

Bi Nguchiro aliwasukuma watoto sita chini ya meza, akawaziba midomo. Je, kama Kifaru anaikumbuka njia? Je, kama anaikumbuka harufu ya samaki?

Kifaru akasimama nje ya mlango. Akanusa. Akautazama ukuta kwa jicho moja, akautazama kwa la pili. Mweupe.

"Mm," akasema. Akapita.

Mbele yake ikatokea X ambayo hata yeye aliiona toka mbali. Kiboko alikuwa barazani, amevaa suti, na mkewe kashika sinia la juisi.

"Karibu! Karibu sana, mjumbe wa Baraza! Tunakungoja tangu alfajiri!"

Kifaru akaduwaa. Miaka ishirini ya kazi ametukanwa, amerushiwa mawe, amemwagiwa maji ya vyombo. Kukaribishwa, hajawahi. Machozi yakamlengalenga.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ndimi!"

"Na umeridhika?"

"Kwa moyo wote! Fanya haraka, Nyati asinitangulie!"

"Asante, mzee. Unafaa kuwa mfano kwa wengine. Hebu shukeni, msimame pembeni kidogo."

Wakashuka wakitabasamu. Kifaru akarudi nyuma hatua kumi, akainamisha pembe.

Gubuuu! Kibaraza cha mbele kikaenda. Kraaa! Ngazi. Chaliii! Vioo vyote vikamwagika ziwani.

"We! We! Unafanya nini?" Kiboko akapiga kelele.

"Napendezesha," Kifaru akajibu, akakohoa vumbi.

"Simama! Mimi ni mheshimiwa!"

"Wote husema simama. Wewe peke yako ndiye uliyesema fanya haraka."

Nyati kuona hivyo, akachukua ndoo ya maji na brashi, akasugua X yake ya mbele, shwa, shwa, shwa! Akaimaliza, akashusha pumzi. Kifaru akazungukia nyuma.

Kiboko akakimbilia Baraza, suti imejaa chokaa. Bwana Korongo akafunua ukurasa wa thelathini na tisa, akamsomea: "Kila nyumba yenye X itavunjwa, na mwenyewe atajua pa kwenda." Chini yake palikuwa na unyayo mpana, wa vidole vinne.

"Huu ni wa nani, mzee?" akauliza Korongo.

Kiboko akautazama, kisha akautazama mguu wake.

Jioni alikuwa amekalia godoro katikati ya kifusi. Akainuka, akamwendea Bi Nguchiro, aliyekuwa jikoni kwake na watoto wote sita.

"Umenidanganya."

"Neno gani nilisema la uongo, mheshimiwa? Litaje, nikuombe radhi."

Kiboko akatafuta, akatafuta, akakosa. Akaketi chini, puu! Sauti yake ikawa ndogo.

"Kwani nyinyi... mkishabomolewa, huwa mnaanza na nini?"

Bi Nguchiro akamgeuza samaki kwenye karai.

"Kwanza tunahesabu watoto," akasema. "Halafu tunatafuta sufuria."

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: ukitaka jirani yako aondolewe, soma kwanza karatasi unayoitia saini. Hadithi imefika kwake, kunjeni mkeka.