Kwa Nini Watu wa Kwemvumo Husalimia Mwishoni

Paliondokea kijiji kikaitwa Kwemvumo, nacho kilikuwa na simu nyingi na mtandao kidogo. Kilikuwa pale pale kilipo leo, kwenye milima ya Usambara, ambako kabichi hupandwa kwenye mteremko mkali hata mkulima akiteleza huokotwa shambani kwa jirani. Ila watu wake wa enzi zile hawakuwa kama hawa mnaowaona. Walikuwa watu wa salamu. Mtu akikutana na mwenzake njiani alimuuliza alivyoamka, watoto walivyoamka, mvua ilivyonyesha upande wake, mbuzi waliozaa na waliokataa kuzaa, na yule mgonjwa wa mwaka juzi kama amepona. Baada ya hapo ndipo aliyekuja kuomba moto aliomba moto, na mara nyingi moto wenyewe ulikuwa umeshazimika.

Katika watu hao wote hakuna aliyemshinda Mzee Shemahonge. Inasemekana siku moja jirani alimjia mbio kumwambia kwamba ng'ombe wake ametumbukia mtaroni. Mzee akamkaribisha kiti, akamuuliza habari za wakwe zake, mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe alijitoa mwenyewe.

Simu alikuwa nayo, ya vitufe, zawadi ya binti yake Zahara, ambaye alikuwa fundi cherehani mjini Tanga na aliishi huko na shangazi yake, Bi Mwantumu, dada mkubwa wa Mzee. Mtandao ndio uliokuwa adimu. Kijiji kizima ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya jabali lililo nyuma ya mashamba, na huko juu penyewe ulikaa kwenye nafasi isiyozidi upana wa ungo. Ukisimama hapo, ukaelekea kusini na kunyanyua kidevu, uliweza kuongea dakika moja hivi. Ukigeuka kupiga chafya, umekatika. Watu walipanga foleni jabalini, na kila mmoja zamu yake ilipofika alianza kwa salamu, na dakika ikaishia kwenye salamu. Kwa hiyo Kwemvumo walijua kwamba ndugu zao wote wa mbali hawajambo, na hawakujua kitu kingine chochote.

Mwaka mmoja masika yakaja na ukungu mzito. Ukakaa juu ya jabali wiki sita kama kuku aliyeatamia. Simu zikawa tochi za kuendea chooni. Alhamisi moja ukungu ukapasuka, na Mzee Shemahonge akapanda jabali kwa fimbo, akasimama penye ungo, akanyanyua kidevu. Hata hajabonyeza kitu, simu ikalia. Alikuwa Zahara.

"Baba, shikamoo. Baba, nisikilize upesi..."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Baba, kuna jambo..."

"Cherehani haijambo?"

"Haijambo, baba. Ni habari ya shangazi..."

"Ngoja kwanza. Mbona hujamuulizia mama yako? Na yule mbuzi mwenye pembe moja? Mwanangu, mji umekuharibu."

Zahara alikuwa amelelewa na mtu huyo huyo, atafanyaje? Akamuulizia mama, akamuulizia mbuzi. Ukungu ukaanza kupanda tena kutoka bondeni. Simu ikakoroma kama mtu anayesukutua. Mzee akasikia vipande vitatu tu: "...shangazi... Jumamosi... arobaini..." Kisha kimya.

Alisimama pale mpaka kanzu ikalowa. Alielekea kusini, akaelekea mashariki, akainua simu kwa fimbo. Hakuna. Akashuka kwa miguu isiyojua njia, akamkuta mkewe, Mama Zahara, anachambua maharage.

"Mama Zahara, dada amekufa."

"Nani kakwambia?"

"Zahara. Jumamosi ni arobaini yake." Akahesabu kwa vidole, wiki sita, siku arobaini na mbili. "Alikufa ukungu ulipoanza tu. Amezikwa, tatu yake imesomwa, na sisi tulikuwa hapa tunapalilia kabichi."

Ijumaa alipanda tena jabalini na kurudi mikono mitupu, na magari ya kushuka Tanga yalikuwa yamesimama kwa tope. Basi kijiji kikaamua kwamba kama arobaini inasomwa Tanga, na Kwemvumo itasomwa. Wanawake wakaleta mchele na masufuria, wanaume wakachinja mbuzi wawili, na yule mwenye pembe moja ndiye alikuwa wa kwanza. Jumamosi asubuhi mikeka ikatandikwa uani, ubani ukachomwa, na Shehe Kiondo akaongoza kisomo.

Kabla ya dua ya mwisho Mzee akaomba kusema neno juu ya marehemu. Akasema dada yake alikuwa mpole, hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Watu waliomjua Bi Mwantumu wakakohoa kidogo. Hapo Mzee mwenyewe akaacha maneno ya heshima.

"Nina dhambi," akasema. "Tulipokuwa watoto, baba alikuwa na redio ya mbao, ya pekee mlima huu. Siku moja ilikutwa imefumuliwa, nyaya nje kama matumbo ya kuku. Dada akachapwa, akalala njaa, na mpaka anaolewa aliitwa mvunja redio. Jamani, ni mimi. Nilitaka kuwaona watu walioko ndani. Nilikusudia kumwambia kila mwaka. Lakini nikikutana naye tunaanza salamu, na salamu zikiisha, gari lake linaondoka."

Akalia, na wengi wakalia naye.

Sasa, wakati huo huo basi moja la kukodi lilikuwa limekwama kwenye tope chini ya mlima, na watu arobaini waliovaa vizuri wakawa wanapanda kwa miguu, viatu mkononi. Walikuwa wanaleta posa ya Zahara. Hilo ndilo Zahara alilokuwa akitaka kusema jabalini, kwamba shangazi anawaleta wageni Jumamosi, watu arobaini. Mbele yao alikuwa mshenga, Mzee Semkiwa, mtu mzito wa Muheza. Nyuma alikuwa Zahara. Na mbele ya wote, akiwa amewaacha hatua mia kwa sababu hakuwahi kumsubiri mtu, alikuwa Bi Mwantumu.

Alipofika nyuma ya nyumba akanusa ubani. Akamkuta mama mmoja ameinamia sufuria la pilau.

"Nani amefariki hapa?"

Yule mama, bila kuinua kichwa kwa moshi, akamuuliza kwanza habari za atokako, za safari, na za tope. Bi Mwantumu akajibu zote upesi, akidhani aliyekufa ni kaka yake.

"Ni Bi Mwantumu," akasema yule mama mwishowe. "Dada yake Mzee. Yule mkali wa Tanga." Kisha akainua kichwa. Mwiko ukamponyoka ndani ya pilau.

Bi Mwantumu akapita, akaenda kusimama nyuma ya mikeka. Akasikia habari za redio tangu mwanzo hadi mwisho. Na pale kaka yake alipojifuta machozi, akasema kwa ile sauti ambayo hakuwahi kumpandishia mtu:

"Kumbe ni wewe, Shemahonge!"

Uwanja ukawa mweupe. Shehe Kiondo, ambaye kwa miaka ishirini aliwafundisha watu wasiogope mizimu, alikutwa baadaye kwenye migomba ya jirani. Mzee Shemahonge peke yake hakukimbia. Dada yake akamwendea, akamfinya shavu kwa nguvu, na Mzee alipopiga yowe ndipo wote wawili wakaamini kwamba hakuna aliyekufa.

"Nilichapwa kwa henzirani," akasema Bi Mwantumu, lakini machozi yalikuwa yanamtoka, na mkono hakuuondoa shavuni.

Wageni wakaingia uani katikati ya mikeka iliyopinduka. Mzee Semkiwa akautazama ubani, akayatazama majuzuu, akarudi nyuma hatua moja.

"Tumekuja kutaka mke, tumepokewa na hitima," akasema. "Jambo hili lina mkosi. Vijana, chukueni vitu, tunarudi."

Zahara alikuwa amesimama langoni, miguu na tope mpaka magotini. Alimtazama tu baba yake. Mzee Shemahonge alilitazama lile jicho, akaona kwamba akianza kumuuliza Semkiwa alivyoamka, na watoto wake walivyoamka, wageni watakuwa wamefika kwenye basi. Akakatisha uwanja, akamshika mgeni mkono, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaingia katika jambo na mgeni moja kwa moja.

"Kosa ni langu. Binti yangu alinipigia simu kunieleza ugeni wenu, mimi nikamuuliza habari za mbuzi. Usimwadhibu yeye kwa ulimi wangu." Akameza mate. "Habari za safari?"

Bega moja la Mzee Semkiwa likaanza kutikisika, likafuata la pili, na kicheko kikamtoka hata kofia ikaanguka. Wageni wote arobaini wakacheka. Bi Mwantumu akaamuru masufuria yaletwe.

"Pilau ni ya arobaini, na nyinyi ni arobaini," akasema. "Mwenye msiba ameruhusu. Kuleni."

Wakala. Posa ikapokelewa mchana ule ule, juu ya mikeka ile ile, na Shehe Kiondo akasoma dua akiwa na majani ya mgomba kofiani. Kabla ya kuondoka, Bi Mwantumu aliwakusanya watu wa Kwemvumo na kuwapa sharti: anayepanda jabali aseme neno lake kwanza, na salamu zitafuata kama mtandao utabaki. Walikubali upesi. Nani angebishana na mwanamke ambaye wametoka kumsomea hitima? Ujumbe wa maandishi wa Zahara, wenye habari zote za ugeni, uliingia kwenye simu ya baba yake wiki mbili baada ya harusi.

Na tangu siku hiyo sharti la jabalini likashuka hadi majumbani, likaingia sokoni, likaingia shuleni. Mnara umeshajengwa, lakini umeelekezwa bondeni kwa wenye barabara, na jabali bado lina foleni. Wageni hudhani watu wale hawana adabu. Walimu wapya hulalamika, na kuna bwana shamba mmoja aliomba uhamisho. Nyinyi msiwahukumu. Akikujia mtu wa Kwemvumo akasema, "Nyuki wamehamia darini kwako, shikamoo," mwitikie marahaba, ila uitikie huku unakimbia.