Nafasi Moja ya Uhandisi

Hakuna mtu aliyewahi kuwamba ngoma huku akiivuta ngozi kuelekea kwa jirani. Mikono ni yake, kamba ni zake, na ngozi mbichi huufuata mkono unaoivuta. Wahenga waliliona hilo wakatuachia methali: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Walimaanisha kwamba mtu akipewa kazi ya kupanga, kugawa au kuamua, faida huielekeza upande wake. Naima Halfani aliijua methali hiyo tangu darasa la tano, na alipoulizwa maana yake kwenye mtihani aliandika bila kosa. Lakini methali ya kwenye karatasi haiumi. Hii ilikuja kumuuma akiwa kidato cha sita.

Naima alikuwa binti wa mkulima wa alizeti wa vilima vya Kondoa. Alisoma Fizikia, Kemia na Hisabati katika shule moja ya bweni ya wasichana wilayani Kongwa. Maswali ya Hisabati aliyameza kama mlenda. Kemia ndiyo iliyomtoa jasho. Alitaka kuwa mhandisi wa maji, kwa kuwa kwao ndoo moja ya maji ilimgharimu mama yake nusu ya asubuhi. Kila aliposikia habari za chuo au ufadhili aliziandika. Hata kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi hakukitupa kabla ya kukisoma pande zote mbili.

Kwa hiyo siku Mwalimu Gideoni, mwalimu wa taaluma, aliposimama mstarini akiwa na barua mkononi, Naima alisogea mbele asipitwe na neno.

"Taasisi moja ya mjini Dodoma inatafuta wasichana wanaotaka uhandisi," alisema mwalimu. "Kila shule iliyochaguliwa itatoa mmoja tu. Watamwandaa kwa chuo miezi mitatu, kisha watamlipia ada, malazi na vitabu miaka yote minne. Vigezo nitavibandika."

Vilibandikwa baada ya siku mbili, vikiwa na mhuri wa shule. Matokeo ya mtihani wa majaribio, alama hamsini. Uongozi katika klabu za shule, alama thelathini. Nidhamu kwa maoni ya mwalimu wa taaluma, alama ishirini. Wasichana thelathini na mmoja wa tahasusi ile walibanana mbele ya ubao wa matangazo, na kabla hata hawajamaliza kusoma, wengi walikwisha kugeuza shingo kumtazama Anna. Anna alikuwa mwenyekiti wa Klabu ya Mazingira. Mlezi wa klabu hiyo alikuwa Mwalimu Gideoni, na mama yake Anna alikuwa dada yake Mwalimu Gideoni, tumbo moja.

Wiki iliyofuata jina la Anna lilitangazwa. Naima, aliyekuwa wa kwanza katika mtihani wa majaribio, alikwenda ofisini kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Mwalimu, naomba kuuliza. Hivyo vigezo vya uongozi na nidhamu, ni taasisi yenyewe imeviweka?"

Mwalimu Gideoni aliweka kalamu mezani taratibu. "Uhandisi si kukokotoa tu, Naima. Wanataka viongozi. Au umekuja kunihoji?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi nenda kasome."

Naima alitoka akiwa amemeza shubiri.

Ilipofika likizo fupi ya Machi, alikwenda kwa shangazi yake, Mwajabu, huko Ipagala, mjini Dodoma. Siku ya pili aliomba nauli akaenda Nkuhungu, zilipo ofisi za taasisi ile. Hakwenda kwa shari. Alitaka kuuliza tu kama mwaka ujao kutakuwa na nafasi nyingine. Lakini kwenye ubao wa ukumbini ilibandikwa barua ileile iliyotumwa mashuleni, naye akaisoma akiwa amesimama.

Kigezo kilikuwa kimoja: wastani wa masomo matatu ya tahasusi katika mitihani minne ya kidato cha tano na cha sita. Hapakuwa na uongozi wala nidhamu. Klabu hazikutajwa popote.

Damu ilimpanda kichwani. Aliisoma tena mara mbili, na mara zote mbili vile vigezo viwili vya mwalimu havikuwamo. Katibu wa ofisi, mama mmoja mwenye miwani, alimtolea nakala alipoiomba, tena akamwambia kwamba jina kutoka shuleni kwao lilikuwa limeshafika, ila mwisho wa kupokea ni Ijumaa ijayo, saa tisa. Nauli ya kurudia ilikuwa mfukoni lakini Naima hakupanda gari. Alitembea hadi Ipagala kwa miguu, maana hasira ile isingemruhusu kukaa kitini.

"Una nini wewe? Uso umekuiva kama pilipili," shangazi yake alimuuliza mlangoni.

"Nimeibiwa, shangazi. Nimeibiwa mchana kweupe na mtu ninayempa shikamoo kila siku!"

Mwajabu aliisoma ile nakala hadi mwisho. "Usiende kumlilia mkuu wa shule," alisema. "Ukilia watakubembeleza, watakurudisha darasani, basi. Mwekee karatasi mezani, umwache asome."

Jumatatu Naima alifanya hivyo. Madam Paulina, mkuu wa shule, alisoma nakala ile, akaagiza lile tangazo lenye mhuri libanduliwe ubaoni na kuletwa, akayaweka yote mawili ubavu kwa ubavu. Kisha akamwita Mwalimu Gideoni.

"Uongozi na nidhamu umevitoa wapi, mwalimu?"

"Mkuu, niliboresha kidogo. Taasisi hizi hupenda mwanafunzi aliyekamilika, kwa hiyo nikaona..."

"Ulimboreshea mpwa wako!" Maneno yalimchomoka Naima kabla hajayakamata.

"Naima!" Madam Paulina alipiga meza. "Huyo ni mwalimu wako!"

"Shikamoo yake nampa kila asubuhi, Mkuu, na kesho nitampa. Lakini nafasi yangu simpi."

Mwalimu Gideoni alitazama dirishani. Hakuomba radhi, siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Madam Paulina alikiri kwamba mhuri ule aliugonga mwenyewe bila kuisoma barua ya taasisi, na jambo hilo lilionekana kumuudhi kuliko yote. Alifuta uteuzi ule palepale. Alimwagiza Naima kwamba saa kumi darasa zima likutane, madaftari ya alama yafunguliwe na wastani upigwe ubaoni, kila mtu akiona. "Na kwa kuwa wewe ndiye uliyefukua haya, chaki utaishika wewe."

Saa kumi ilipofika darasa lilikuwa limejaa. Anna alikaa mstari wa mbele, mikono kifuani, macho mekundu. Naima alisimama ubaoni akiwa na madaftari manne ya alama na kikokotoo. Moyoni alijiona ameshafika chuo. Alifungua daftari la kwanza, la mtihani wa mwanzo wa kidato cha tano, na macho yake yakaangukia mstari wake. Kemia: thelathini na nne.

Muhula ule shule haikuwa na mwalimu wa Kemia. Hilo lilikuwa kweli tupu, kila mmoja alilijua. Naima alilifunga lile daftari, akaliweka pembeni.

"Jamani," alisema, "mtihani huu wa kwanza tuliufanya bila mwalimu wa Kemia. Si haki kumpima mtu kwa kitu ambacho hakufundishwa. Napendekeza tuhesabu hii mitatu mingine."

Wengine waliitikia kwa vichwa, kwa kuwa walikuwa wamefeli vilevile. Naima akaanza kuandika. Ndipo Anna aliposimama.

"Barua inasema mitihani mingapi?"

"Minne, lakini..."

"Barua hiyohiyo uliyoileta wewe. Sasa huo mmoja unaupeleka wapi? Ulipata ngapi Kemia?"

Naima aligeukia ubao, akaendelea kuandika.

"Mimi sikumwomba mjomba aniongezee kitu," Anna aliendelea, sauti ikimtetemeka kwa ghadhabu. "Nimezomewa bwenini tangu jana kwa jambo nisilolifanya. Mjomba kaongeza, wewe unapunguza. Ngozi ni ileile, mnaivuta tu kila mtu upande wake!"

Darasa lilivuma kama mzinga uliopigwa jiwe. Naima alifura. Alitaka kumwambia Anna kwamba haya si sawa na yale, kwamba yeye amedhulumiwa na sababu yake ni ya haki. Alifungua kinywa ili aseme hivyo, na kutoka nyuma, karibu na dirisha, sauti nyingine ikamwita.

"Naima."

Alikuwa Ruthu Matonya, binti wa mfugaji wa hukohuko Kongwa, msichana aliyeweza kumaliza wiki nzima bila kusikika. Hakuna mtihani hata mmoja aliowahi kuongoza. Jina lake halikuwa limetajwa na mtu tangu barua ile ifike.

"Muhula ule tulisoma kitabu kimoja cha Kemia, mimi na wewe, kile kisicho na jalada," alisema Ruthu. "Mtihani uliporudi uliniazima karatasi yangu ufanye masahihisho. Unakumbuka nilipata ngapi?"

Naima alikumbuka. Sabini na moja. Alikumbuka hata wino wa kijani wa msahihishaji.

"Nilikuwa nakusikia tangu jana unasema umeibiwa nafasi yako," Ruthu alisema, na sasa sauti yake ilikuwa kali kuliko ya Anna. "Yako? Nani alikupa? Mlikuwa mnagombana ninyi wawili, na mimi nikiwa hapahapa, hakuna hata mmoja aliyenihesabu!"

Chaki ilikuwa mkononi mwa Naima, na daftari lilikuwa limefungwa. Kwa muda alichukia kila kitu mle ndani: Anna na mjomba wake, Ruthu na kitabu chake, hata barua yenyewe. Kisha alilifungua lile daftari, akafuta alichoandika, akaanza upya na mitihani yote minne. Alikandamiza chaki hadi ikakatika mara mbili. Darasa lilihesabu pamoja naye kwa sauti. Ruthu Matonya, sabini na nne nukta mbili. Naima Halfani, sabini na tatu nukta tano. Anna, sitini na nane. Kama mtihani wa kwanza ungeachwa nje, Naima angekuwa juu.

Aliandika jina la Ruthu kwa herufi kubwa, akaiweka chaki chini, akatoka nje.

Siku ya Alhamisi Madam Paulina alimpeleka Ruthu Nkuhungu yeye mwenyewe, na barua ya kumteua ikapokelewa. Mwalimu Gideoni alivuliwa kazi ya taaluma akabaki na vipindi vyake vya Jiografia. Naima alifanya mtihani wa mwisho mwezi Mei, akapata daraja la kwanza, akaomba chuo na mkopo kwa njia wanayopita wengine. Alipata uhandisi wa maji, lakini mkopo haukutosha. Baba yake aliuza ng'ombe wawili wa kulimia, na msimu ule shamba lao lililimwa kwa jembe la mkono.

Miaka imepita, na Naima bado hajamsamehe Mwalimu Gideoni. Akiulizwa huisimulia dhuluma ile kwa hasira mpya, kana kwamba ilitokea jana. Lakini kila anayesikiliza hadi mwisho hugundua kwamba hasira yake kali kuliko zote hailengi ofisi ya taaluma. Inalenga saa kumi ile, alipokuwa mbele ya ubao na sababu nzuri mdomoni, akilisukuma daftari moja pembeni. Mwizi aliyekuwa ndani ya mwenziwe alimwona upesi. Yule aliyekuwa ndani yake mwenyewe alimpa jina la haki. Wahenga hawakumtenga mwalimu wala mwanafunzi, mdhulumu wala aliyedhulumiwa, waliposema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.