Kinywa cha Kwaya

"Sema wewe!"

"Hiyo siyo yangu, hiyo ya Kisaka!"

"Kisaka yuko chooni. Mgeni ameshafika mbele yako, utamwambia asubiri Kisaka atoke chooni?"

Basi ndivyo tulivyokuwa tunapigiana kelele asubuhi ile sebuleni kwa bibi yangu, mimi na Zawadieli. Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne, tumekaa nyumbani mpaka kukaa kwenyewe kumetuchosha, na ile kambi ya watalii kule juu mlimani ikatangaza kwamba inataka vijana wa kutembeza wageni msituni. Usaili mchana huohuo, tena kwa Kiingereza. Sasa Kiingereza chetu tulikuwa tumegawana kama nyama ya sikukuu. Kisaka alishika salamu na kujitambulisha. Mimi nilishika njia: kushoto, kulia, angalia utelezi, tupumzike hapa. Zawadieli alishika miti, nyani na chakula. Tukiwa watatu, moto! Halafu ikaja habari kwamba wanaita mmoja mmoja.

"Tuwaambie sisi tunafanya kazi pamoja," Zawadieli akasema. "Tuingie wote."

"Wakikataa?"

"Wakikataa ni kwa sababu yako, na huo uoga wako!"

Bibi Nanzia alikuwa anachambua maharage pembeni. Akaupiga ungo kwa kiganja, maharage yakaruka.

"Kinywa cha kwaya hakiombi maji!"

Kisaka akaingia huku anafunga mkanda. "Nani anaomba maji?"

"Hakuna anayeomba, mjukuu wangu, na shida ndiyo hiyo. Kaa chini."

Nikamwambia, "Bibi, methali hiyo hata shuleni sijaisikia."

"Shuleni utaisikia wapi, na imezaliwa kwenye kwaya yetu? Ilimpata babu yako, yule pale." Akaonyesha picha ukutani, Babu Elinihaki katoa kifua kama anataka kuanza wimbo. "Ilianza hivi."

Akatusimulia.

Kwaya yao ilialikwa Zambia kwenye tamasha la makanisa. Huko walikokwenda Kiswahili hakikuwafaa, mgeni anaelewana na wenyeji kwa Kiingereza. Kwenye kwaya nzima aliyekijua alikuwa mmoja tu, Mwalimu Senkoro, na yeye alikuwa na njia moja ya kufundisha kitu chochote duniani: kukiimba. Akachukua maneno ya kila siku, salamu, shukrani, kuomba njia, akayatungia sauti nne. Wimbo wa kuomba maji, kwa mfano, sauti ya kwanza walianza juu kabisa, "Excuse me, Madam," yaani samahani, mama. Sauti ya pili wakapokea, "may I have," naomba. Ya tatu wakasema, "some water, please," maji tafadhali. Halafu besi wakafunga kule chini, wakanguruma, "thank you very much," asante sana.

Kila sauti ilijua kipande chake, basi. Kwaya ndivyo zilivyo. Besi akigusa kipande cha sauti ya kwanza anatolewa mazoezini.

"Tulikuwa tunaomba maji," Bibi akasema, "mpaka watu wanasimama barabarani kutusikiliza!"

Na hakuna aliyeona tatizo, maana kwaya ikisafiri inalala pamoja, kwenye madarasa ya shule, mikeka chini. Lakini wale wenyeji walikuwa na desturi yao. Kila mgeni anachukuliwa na familia moja ya usharika, ndiyo heshima yenyewe. Walipoteremka kwenye treni tu, majina yakasomwa, na kufumba na kufumbua kwaya imeisha! Huyu kabebwa kwa baiskeli, yule kashikwa mkono. Babu, ambaye ni besi, akachukuliwa na Mama Mwansa, mama mmoja mnene, mcheshi kweli.

Sasa sikilizeni. Alasiri ileile kwaya ilikuwa iimbe, na wimbo wa kwanza unaanzwa na besi mmoja, peke yake, na besi huyo ni Babu. Koo lake likigoma, wote wameaibika ugenini.

Mama Mwansa akamwandalia ugali na samaki wakavu wa chumvi. Babu alikuwa na njaa ya safari, akala. Chumvi ikaanza kazi yake. Akaangalia mezani, maji hakuna. Yule mama, kwa furaha ya mgeni, alikuwa ameyasahau jikoni.

Akamwinamia Babu, bakuli la samaki mkononi, akauliza kitu. Babu akajibu alichokuwa nacho: "Thank you very much."

Akaongezewa samaki.

Akala, kwa adabu. Akaulizwa tena. "Thank you very much." Samaki wengine.

Akaona atumie mikono. Akagusa koo, akatoa macho. Mama Mwansa akashtuka: mgeni amekwamwa na mwiba! Akamfinyangia tonge la ugali kama ngumi, akamsimamia mpaka likapita lote, kavukavu.

"Si angesema tu neno la maji?" Kisaka akadakia.

"Lipi? Alijua maji yako katikati ya wimbo, ila ni neno gani, hakujua. Besi huyo!"

Kule kanisani ngoma zikaanza kulia, watu wanaitwa. Babu akajaribu sauti kidogo, ikatoka kama bawaba isiyo na mafuta. Akaona potelea mbali. Akasimama, mikono nyuma, akafumba macho, akaanza wimbo toka mwanzo. Sauti ya kwanza akaiimba kwa kujibana kama paka aliyekanyagwa mkia. Akashuka ya pili. Akaingia ya tatu. Akamaliza na besi yake, imekauka, lakini imefika.

Alipofumbua macho, Mama Mwansa alikuwa ameketi sakafuni, anacheka, machozi yanamtoka, na watoto wa mtaa mzima wamejaa dirishani. Akakimbilia jikoni, akarudi na jagi. Babu hakungoja glasi. Alipolishusha jagi akasema "thank you very much," na safari hii neno lilikuwa mahali pake.

"Na kanisani aliimba?" nikauliza.

"Aliimba! Kwani mimi nilimpendea nini?" Bibi akacheka. "Mimi mwenyewe nilikuwa sauti ya pili. Nilishinda nasema naomba, naomba, bila kusema naomba nini. Wakanipa stuli. Wakanipa kanga. Wakanipa mtoto nimbebe!"

Kwenye treni ya kurudi kila mmoja alikuwa na kisa chake. Ndipo Babu akasimama katikati ya behewa, akasema, "Jamani, kinywa cha kwaya hakiombi maji." Mwalimu Senkoro akainamisha kichwa, halafu akaanza kuwafundisha upya, kila mtu wimbo wote. Wakafika kwao wameukamata.

"Kwa hiyo, Bibi, na sisi tuimbe?" Kisaka akauliza.

"Wewe ukiimba nyani watahama. Mbonea!"

"Naam, Bibi," nikaitika.

"Toka nje, ufunge mlango. Halafu ubishe, uingie peke yako. Mimi ndiye mwenye kambi."

"Lakini Bibi, salamu ni ya Kisaka..."

Bibi aliangalia tu picha ukutani. Kisaka akaninong'oneza salamu yake yote, mara mbili, bila kinyongo. Nikasimama. Koo lilikuwa limenikauka, na sijala samaki.

"Na nyani wangu usiwasahau!" Zawadieli akanipigia kelele.

"Kinywa cha kwaya," Bibi akasema taratibu, akiuvuta ungo wake.

"Hakiombi maji," nikamalizia. Nikatoka, nikafunga mlango.