Siku Majiko Mawili Yalipolala

"Shauri lisilo na pilau halilali." Mmeisikia methali hii mkacheka, mkadhani ni maneno ya walafi. Sivyo. Iliwatoka watu waliochoshwa na walafi. Chanzo chake ni hiki hapa, na wenyewe walikuwa watu wenye majina.

Katika mji wa Mitondooni, Mwantumu aliachana na Hamdani, msuka kamba za usumba wa nazi. Kuachana kwenyewe hakukuwa na kelele. Ndoa ilikuwa imechakaa, kila mmoja akautua mzigo wake. Kelele zilianza walipofika kwa Chausiku, binti yao wa pekee, aliyekuwa ndiyo kwanza ang'oke meno ya mbele. Mama anamtaka, baba anamtaka.

Mila ya siku hizo ilikuwa kila upande utoe msemaji, mzee wa ukoo, wakae barazani wayazungumze. Mwantumu alisemewa na mjomba wake, Mzee Shomari. Hamdani alisemewa na ami yake, Mzee Feruzi. Mila nzuri, lakini ilikuwa na mkia: wenye shauri waliwapikia wazee kwa zamu, leo nyumba hii, kikao kijacho nyumba ile. Na mtoto anayegombewa aliwekwa kwa watu baki mpaka neno likatike.

Basi fikirini wenyewe. Mtu anayelishwa pilau kwa ajili ya ugomvi, ataumaliza lini? Wazee walikaa, wakakohoa, wakataja mababu hadi chakula kikaletwa. Wakanawa, wakala, wakajipangusa midomo. "Jambo zito hili. Tutaendelea Ijumaa." Mavuno yakaingia, mavuno yakatoka. Banda la kuku la Mwantumu likabaki na manyoya. Hakuna aliyethubutu kusema basi, maana kumnyima mgeni chakula Mitondooni ni sawa na kuvua nguo sokoni.

Chausiku aliwekwa kwa mke wa jumbe. Asubuhi moja ya zamu yake ya kupika, Mwantumu alipita huko, akamkuta mtoto uani anasugua sufuria kwa majivu.

"Mama, leo unapika nini?"

"Kuku, mwanangu. Nimeazima kwa jirani."

"Pika mbuzi." Mtoto alinong'ona kama anayempa siri ya ushindi. "Baba alipika mbuzi. Babu Shomari alisema hapa hapa kwamba wewe umeanza kushindwa. Ukipika mbuzi nitarudi."

Siku zote Mwantumu alidhani wazee wanapima nani atamlea mtoto vizuri. Kumbe wanapima nyama! Tena aliyeyasema hayo ni mjomba wake, msemaji wake mwenyewe. Hakurudi nyumbani kuwasha moto. Alikwenda moja kwa moja kwa Hamdani, mahali ambapo hakukanyaga tangu talaka.

Hamdani alikuwa anaponda makumbi ya nazi kwa rungu. "Umefuata nini hapa? Watu watasema tumerudiana."

"Waseme. Chausiku kaniambia nipike mbuzi ndipo arudi."

Rungu la Hamdani lilisimama hewani. "Mimi aliniambia nipunguze pilipili. Eti zinamwasha Mzee Shomari."

Walitazamana. Wangeweza kulia, wakacheka, kicheko kibaya kinachokwaruza koo.

"Leo sipiki," alisema Mwantumu.

"Una wazimu? Watasema mwanamke asiyewasha jiko atalea nini. Utampoteza mtoto."

"Ndiyo maana nimekuja. Nikiacha mimi, wewe ukapika, nimekwisha."

Hapo ndipo penye heshima ya Hamdani, na isisahaulike. Sufuria moja tu ingempa ushindi. Aliweka rungu chini. "Basi na langu limelala."

Wazee walifika barazani na kanzu zao zilizopigwa pasi. Mzee Shomari alinusa hewa, akanusa tena.

"Mwantumu, mbona sioni moshi?"

"Leo hakupikwi, mjomba. Kwangu hakupikwi, kwa Hamdani hakupikwi. Maji yapo. Tumalize kwanza."

"Wageni tukae na njaa? Nani kakuroga?"

"Hajarogwa," Hamdani akadakia. "Tumekubaliana. Na msemaji atakayeondoka leo kabla hatujapatana, ameondoka moja kwa moja. Hatamsemea mtu tena katika jambo hili."

"Mimi! Mimi niliyewaozesha!" Mzee Shomari alisimama. "Kichwa kinaniuma. Nitakuja mkishapata adabu." Akaenda zake, na Mwantumu akabaki hana wa kumsemea.

Mzee Feruzi hakuinuka. Tumbo lake lilinguruma watu wote wakalisikia, naye akalipiga kofi. "Nyamaza wewe, umesema sana miezi hii." Kisha akamgeukia Mwantumu. "Mwanangu, mimi nimekuja upande wa Hamdani, siwezi kujifanya wako. Ila masikio yangu hayana upande. Semeni nyinyi. Hamdani, mtoto akishtuka usingizini humwita nani?"

Hamdani alitazama miguu yake. Jibu lilikuwa linamkata mwenyewe, na alilijua.

"Mama yake."

"Nawe Mwantumu, akishikwa na homa?"

Mwantumu angeweza kunyamaza. "Baba yake. Hakubali kubebwa na mtu mwingine."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa likitafutwa chini ya pilau muda wote ule. Wakakubaliana Chausiku alale kwa mama; kila Alhamisi baba amchukue akae naye hadi Jumamosi; asihamishwe mji bila wote wawili kuridhia; na asiwepo wa kumtukania mtoto mzazi wake. Mwadhini alikuwa bado hajaadhini adhuhuri.

Wakaenda pamoja kwa jumbe. Chausiku alitoka, akawaona wamesimama upande mmoja wa mlango, akaganda. Alitazama mkono wa mama, akatazama mkono wa baba, asijue aushike upi ili asimkosee mwingine.

"Shika wowote," Hamdani akamwambia. "Hatushindani tena."

Mzee Shomari alizunguka mji mzima akitangaza kwamba mpwa wake mchoyo. Acha atangaze. Waliofuata kugombea watoto wao Mitondooni waliacha majiko yao yapoe, wazee wenye haya wakajifunza kuja barazani wameshakula makwao, na mashauri yakaisha siku ile ile. Ndipo watu wakaanza kusema, na wanasema mpaka leo: shauri lisilo na pilau halilali.